Mawimbi Manne na Nusu: Maisha ya Mume Wangu, Karani wa Masjala

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, shemeji zangu, wanangu, majirani zetu, na ninyi nyote mliofanya kazi na mume wangu, Bwana asifiwe.

Maneno haya yalikuwa yasomwe na shemeji yangu, mdogo wake marehemu, na karatasi alishaiandika kwa mwandiko mzuri, lakini jana asubuhi nilimwomba anipe niisome mimi, akaniuliza kama nitaweza kusimama muda wote huo, nikamwambia kwamba nimesimama miaka arobaini na saba nikimpelekea mume wangu na wageni wake chai, kwa hiyo kusimama nakujua. Tarehe zote ni zake shemeji, ziko sawasawa. Mengine nimeongeza mwenyewe, na nimeyaombea kabla ya kuyaandika.

Mume wangu, ambaye jina lake mmelisikia kwa mchungaji, na ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kioo kwa sababu ya kile kioo cha kukuzia kilichokuwa hakitoki mfukoni mwake, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1948, katika zahanati ya misheni iliyo nyuma ya kanisa la zamani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba seremala na mama mshonaji. Alibatizwa mwezi wa sita mwaka huohuo. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliniambia kwamba tangu utoto wake mume wangu alikuwa mtu wa kutazama kitu kimoja muda mrefu, hata ukimpa andazi atalizungusha kwanza alione pande zote ndipo alile, na ndugu zake walikuwa wakimnyang'anya wakati bado analikagua.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, akaendelea na sekondari kuanzia 1964 hadi 1967, akafaulu vizuri, akachukua mafunzo ya ukarani ya mwaka mmoja, na tarehe 1 Julai 1969 akaajiriwa katika masjala ya mahakama, chumba namba sita, mahali ambapo alifanya kazi miaka thelathini na tisa bila kuhama, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2008. Wenzake waliopo hapa wanakijua chumba hicho, rafu zimefika darini, ngazi ya mbao imekosa kidato cha tatu, dirisha ni moja na halifunguki, na katika chumba hicho ukimtajia mume wangu namba ya jalada alikuwa anakwenda moja kwa moja mpaka lilipo, kama mtu anayekwenda kuchukua kofia yake msumarini.

Ni katika chumba hicho alipoanzia mambo ya stempu. Mwaka 1974 ilitoka amri kwamba majalada ya enzi za mkoloni yaliyokwisha muda yachomwe moto, na ndani ya majalada hayo zilikuwamo bahasha, na juu ya bahasha zilikuwapo stempu zenye kichwa cha mfalme, naye akamwandikia karani mkuu barua akiomba bahasha tupu tu, akajibiwa kwa maandishi kwamba anaruhusiwa. Barua hiyo ya ruhusa ipo, ameibandika ukurasa wa kwanza wa albamu ya kwanza, kwa hiyo kama kuna mtu amewahi kunong'ona kwamba Mzee Kioo alibeba mali ya serikali, aje baada ya maziko aisome.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1976, katika kanisa hilihili, mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili, fundi cherehani, niliyeishia darasa la saba. Siku ya tatu baada ya harusi niliamka asubuhi nikamkuta ameinamia meza, mgongo umenielekea, nikajua anamwandikia barua mwanamke, nikasogea polepole mpaka begani kwake, nikakuta anahesabu meno ya stempu, yale ya pembezoni, kwa rula. Akanionyesha kwa furaha. Akasema stempu hizi mbili zinafanana rangi, zinafanana mfalme, zinafanana bei, lakini moja meno yake ni kumi na manne kwa kila sentimita mbili na nyingine ni kumi na manne na nusu, kwa hiyo ni aina mbili tofauti kabisa. Nikamwuliza, sasa mimi na dada yangu tunafanana, ulihesabu nini ukanichagua mimi? Akacheka, akarudi kwenye kioo. Nawaambia ukweli kwamba siku hiyo nilianza kuona wivu, na ulikuwa wivu wa karatasi tupu.

Mungu alitujalia watoto wanne. Wa kwanza ni binti yetu muuguzi, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1977, wa pili ni huyu fundi umeme, tarehe 21 Mei 1980, wa tatu alizaliwa mwaka 1983 akaishi siku kumi na moja, tunamkumbuka, na wa mwisho ni binti yetu aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1988. Wajukuu ni saba. Mume wangu aliwapenda wanawe, aliwafundisha kusoma kwa kutumia mihuri ya posta, na hata yule aliyeishi siku kumi na moja alikuwa ameshaandikiwa jina lake nyuma ya albamu.

Sasa nafika mwaka 1985, ambao kwenye karatasi ya shemeji haumo.

Mwaka huo, mwezi wa pili, mwalimu mmoja wa jiografia, mjane, alikuja masjala kutafuta jalada la kiwanja cha marehemu mumewe, akiwa ameshika bahasha ya zamani ya barua ya baba mkwe wake, na wakati mume wangu anaandika namba ya jalada, yeye mwalimu akamwambia, samahani Karani, naona unaitazama bahasha yangu kuliko unavyonitazama mimi. Nimeyajua maneno hayo kwa sababu mume wangu aliniletea nyumbani siku hiyohiyo, akayarudia mara mbili wakati wa kula. Jumamosi iliyofuata saa tisa alasiri mwalimu akaja nyumbani na sanduku la viatu lililojaa bahasha. Na Jumamosi iliyofuata. Na zote zilizofuata, miaka thelathini na tisa, ukitoa Jumamosi za Pasaka na siku niliyojifungua binti yetu wa mwisho.

Naomba nisieleweke vibaya mbele za Mungu. Mlango wa sebule ulikuwa wazi siku zote, watoto walikuwa wanapita, mimi mwenyewe nilikuwa naingia na chai na mkate, sikuwahi kuona jambo la aibu hata siku moja. Ninachosema ni kwamba waliinama vichwa viwili juu ya kioo kimoja. Mume wangu alimwita mwalimu Jicho, kwa sababu alikuwa anaona vitu ambavyo hata mume wangu mwenyewe havioni. Mimi niliitwa Mama Watoto, jina zuri, lakini Mama Watoto wako wengi mtaani kwetu, na Jicho alikuwa mmoja.

Jambo lililowaunganisha lilikuwa stempu ya senti kumi, ya zambarau, juu ina kichwa cha mfalme, chini ina daraja, na chini ya daraja kuna mawimbi ya mto. Mwezi wa saba mwaka 1986 nikiwa jikoni niliwasikia wanabishana.

“Hesabu tena, Jicho.”

“Nimehesabu, Karani. Manne na nusu.”

“Mawimbi ni matano. Mkoloni hachongi nusu wimbi.”

“Huyu kachonga. Geuza taa. Umeona? La tano limekatikia hapa, chini ya nguzo.”

Halafu nikasikia mume wangu anacheka, kicheko kirefu, cha mtu aliyetekenywa, na mimi katika miaka kumi ya ndoa sikuwahi kukisikia kicheko kile. Nikaingia. Wakanieleza wote wawili kwa pamoja, huyu anaanza sentensi yule anamalizia, kwamba bamba la kuchapia lilichongwa mara mbili, kwamba chapa ya kwanza ina mawimbi matano, kwamba hii ni chapa ya pili, na kwamba katika vitabu vyote walivyo navyo hakuna aliyewahi kuiandika. Wakanipa kioo. Nikatazama. Nikaona matano. Nikasema, naam, nimeona, ni manne na nusu.

Stempu hiyo ilikuwa bado imegandia kwenye kipande cha bahasha, nayo ilikuwa ya mwalimu, ameitoa kwenye sanduku lake la viatu. Walipanga kukiandikia chama cha wakusanyaji wa stempu.

Nilikuwa nimewaona wakiondoa stempu kwenye bahasha, mara nyingi, kwa kuziloweka kwenye sahani ya maji ya vuguvugu mpaka gundi ilegee, halafu wanazinyanyua kwa kibano na kuzilaza juu ya gazeti. Kazi hiyo haikuwa na siri yoyote, mtu anayejua kufua nguo anaiweza. Ijumaa tarehe 8 Agosti 1986, mume wangu akiwa kazini, niliichukua ile ya zambarau nikailoweka. Nilitaka akirudi akute kazi imekwisha, anione na mimi nina mkono katika mambo yake. Hiyo ndiyo sababu niliyompa, na ni ya kweli. Lakini mimi mshonaji, najua kwamba kitambaa usichokijua unakijaribu kwanza pembeni kabla ya kukitia maji, na siku hiyo sikujaribu pembeni. Nilijua stempu ile imeletwa na nani.

Zambarau ile haivumilii maji. Wino wake ulitengenezwa makusudi ukimbie, ili watu wasifute muhuri na kutumia stempu mara ya pili, na kila mkusanyaji anajua hilo isipokuwa mke wa mkusanyaji. Nilipofunua sahani maji yalikuwa ya zambarau, mfalme amepauka kama mtu aliyetoka kwenye homa, daraja limebaki kivuli, na mawimbi hayapo, si matano, si manne na nusu.

Mume wangu alirudi saa kumi na moja. Akasimama mbele ya sahani, hata koti hakuvua. Akaniuliza, “Imekaa muda gani?” Nikamwambia, “Kama nusu saa.” Akasema, “Basi.” Hakusema neno jingine kuhusu jambo hilo mpaka alipofariki, na mimi nikajiandaa kwa hasira yake mwaka mzima, ikawa haiji. Kesho yake, Jumamosi, mwalimu alipoelezwa alinishika mkono akaniambia, usijali dada, hata mimi niliwahi kuharibu yangu ya kijani namna hiyohiyo. Mwalimu, nakuona umekaa benchi la tatu, na leo nakwambia kwamba wema ule uliniuma kuliko kama ungenipiga kofi.

Iliwachukua miaka kumi na mmoja kuipata nyingine. Waliandikia watu, walibadilishana, walipekua bahasha za makanisa na za maduka ya zamani, na tarehe 15 Novemba 1997 wakaipata, safi, wimbi la tano limekatikia chini ya nguzo palepale aliposema Jicho. Mwaka uliofuata jarida la chama cha wakusanyaji likaiandika, na chini ya picha wakaweka majina mawili ya waliogundua, la mume wangu na la mwalimu, yamefuatana kama tangazo la ndoa kanisani. Mume wangu alinunua nakala mbili. Nakala ya nyumbani ilipotea wiki ileile, na nasema hapa, kwa kuwa nimeshaanza kutubu nimalize, kwamba haikupotea, ilikuwa chini ya godoro langu, nimeilalia miaka ishirini na sita.

Baada ya kustaafu, marehemu alikuwa mweka kumbukumbu wa kanisa letu kwa miaka saba, rejista zetu za ubatizo na ndoa mnazoziona zimejalidiwa vizuri ni kazi ya mikono yake. Aligundulika na ugonjwa wa sukari tarehe 9 Machi 2015, akafuata masharti yote, lakini macho yakaanza kufifia, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2019 alikuwa hawezi tena kuona meno ya stempu hata kwa kioo. Mnaweza kufikiri kwamba hapo ndipo Jumamosi zilipokwisha. Hazikukwisha. Mwalimu alikuja na fimbo yake, akawa anamshikia kioo na kumsomea stempu moja moja, rangi, meno, muhuri wa mji gani, mwaka gani, naye marehemu amefumba macho anatikisa kichwa kama anayesikiliza zaburi. Siku za katikati ya wiki nilijaribu mimi. Nilikaa pale kwenye kiti cha mwalimu, nikashika kioo, nikamwambia, Baba Watoto, leo nitakusomea. Akafurahi. Akahesabu kurasa kwa vidole, akanipa moja ya zambarau, akaniuliza, mawimbi mangapi? Nikatazama mpaka machozi yakanitoka, nikasema manne na nusu. Akanipapasa mkono akasema, “Mama Watoto, hiyo niliyokupa ni chapa ya kwanza.”

Alicheka, na mimi nikacheka. Lakini Jumamosi ilipofika nilimwona alivyojiandaa, ameomba shati la mikono mirefu.

Mwezi wa nne mwaka huu figo zilianza kushindwa, akalazwa tarehe 22 Aprili 2024 katika hospitali ya wilaya, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Jumapili tarehe 5 Mei, baada ya mchungaji kumpa ushirika mtakatifu, alituomba mimi na binti yetu mkubwa tubaki. Akasema, “Albamu zote tatu mpe Jicho.” Nikamnyooshea shuka. Akasema, “Mama Watoto, umesikia?” Nikasema nimesikia. “Utampa?” Nikasema, “Nimesema nimesikia.” Binti yangu akanitazama. Hatukuzungumza tena juu ya hilo, na Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, mume wangu akaitwa na Bwana, nikiwa nimemshika mguu.

Jumatano nilizifunga albamu zile kwenye shuka, nikazisukuma chini ya kitanda, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kusema, kwamba zimeharibika, zimeliwa na mchwa, nani angekuja kupekua chumba cha mfiwa? Juzi Alhamisi asubuhi, wakati shemeji zangu wako nje wanapanga viti, nilizitoa tena. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kujua ananyang'anywa nani nini. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuzifungua peke yangu.

Chini ya kila stempu ameandika kwa ule mwandiko wake wa masjala, aina yake, meno yake, ilikotoka, na nani aliyeitambua. Nilihesabu, maana kuhesabu nimejifunza kwake. Imetambuliwa na Jicho, mara arobaini na moja. Imetambuliwa na Jicho, imetambuliwa na Jicho, mpaka kichwa kikaniuma. Nikafika albamu ya tatu, ukurasa wa ishirini, na ukurasa huo ulikuwa na stempu moja tu, katikati, nyeupe karibu yote, mfalme mgonjwa. Niliitambua kabla ya kusoma. Chini yake ameandika hivi, nami nasoma kama alivyoandika:

“Senti kumi. Chapa ya pili. Imeoshwa na mke wangu, Ijumaa 8 Agosti 1986. Hakuna nyingine. Haibadilishwi.”

Ninyi mliokaa naye mnajua kwamba Mzee Kioo alibadilishana kila kitu. Alibadilisha stempu za nchi ambazo hazipo tena, alibadilisha hata ile iliyotoka kwenye barua ya baba yake. Kwenye albamu tatu nimetafuta neno hilo, haibadilishwi, nikalipata mahali pamoja tu.

Kwa hiyo mwalimu, mbele ya kanisa, albamu zako ziko hapa kwenye meza, ndani ya shuka, kijana wangu fundi umeme atakubebea mpaka nyumbani. Utakuta katika albamu ya tatu, baada ya ukurasa wa kumi na tisa, unafuata wa ishirini na moja. Usitafute. Albamu ile inafungwa kwa skrubu mbili, nimezilegeza mwenyewe, nikazikaza tena. Najua stempu ile uliileta wewe, kwenye sanduku lako la viatu, ni haki yako kwa kila sheria. Sikuombi. Nakwambia tu kwamba ninayo. Na wivu pia bado ninao, mchungaji, nimeuombea tangu Alhamisi na haujatoka, labda Mungu anataka nibaki na kitu cha kufanya. Badala ya ukurasa huo nimekuwekea jarida, lile lenye majina mawili. Limejikunja kidogo, utaliweka chini ya kitu kizito.

Kwa niaba ya familia, nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume waliomhudumia kwa siku ishirini na tatu, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kusomewa habari za mihuri ya posta huku akipima presha, nawashukuru majirani zetu kwa maji, viti na turubai, kwaya, wazee wa kanisa, na wenzake wa masjala ambao nimesikia leo asubuhi mmekatiza zamu mkafunga chumba namba sita kwa saa tatu ili mfike hapa, jambo ambalo yeye mwenyewe asingekubali. Nakushukuru na wewe mwalimu kwa Jumamosi zako. Leo nayo ni Jumamosi, na ninaona saa inakaribia tisa.

Baba Watoto, Bwana amekupa macho mapya, yatumie kwa kumtazama yeye kwanza. Upumzike kwa amani yake, na kama huko kuna wa kukushikia kioo, naomba asikishike mpaka nifike.